Insha ya Wasifu: Kirsty Coventry

Mtahiniwa, usichanganye wasifu na tawasifu. Tawasifu mtu hujiandikia mwenyewe. Wasifu huandikwa na mwingine, kwa nafsi ya tatu. Ukiandika "nilizaliwa" katika wasifu, umeshapoteza alama kabla hujafika aya ya pili.

Kosa kubwa zaidi ninalolikuta ninaposahihisha ni kupanga miaka kama orodha ya vitu vya dukani. Mtazame Kirsty Coventry. Alizaliwa Harare, Zimbabwe, mwaka 1983. Alisoma Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, akashiriki Olimpiki tano, kuanzia Sydney 2000 hadi Rio 2016. Alipata medali saba, mbili za dhahabu, zote katika mita 200 za kuogelea chali: Athens 2004 na Beijing 2008. Hayo yanatosha aya moja.

Kisha chagua tukio moja ulieleze kwa kina. Huko Beijing, katika nusu fainali ya mita 100 chali, aliweka rekodi ya dunia ya sekunde 58.77. Fainalini akashindwa na Natalie Coughlin wa Marekani, akaambulia fedha. Siku chache baadaye alirudi majini, akatwaa dhahabu ya mita 200 kwa rekodi nyingine ya dunia. Hapo msomaji anamwona mtu, haoni tarakimu tu.

Nje ya mashindano alijihusisha na kuwafundisha watoto wa kwao kuogelea, kupitia akademia yenye jina lake. Mwaka 2018 akateuliwa waziri wa michezo. Hapa watahiniwa wengi humwaga sifa, utadhani ni risala ya harusi. Andika pia kwamba mwaka 2022, akiwa waziri, FIFA iliifungia Zimbabwe kwa sababu serikali iliingilia uongozi wa chama cha soka. Kifungo kikaondolewa 2023. Tumia lugha ya staha, usimhukumu. Ndipo uendelee: Machi 2025 alichaguliwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kwa kura 49 kati ya 97, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho.

Zoezi: Mhariri wa jarida la shule yenu amekuomba wasifu wa Coventry. Andika aya inayoeleza safari yake kutoka bwawani hadi uwaziri, kwa maneno yasiyozidi 80, bila kuficha suala la FIFA.