Rangi za Wanafunzi kwa Maji ya Uluguru

Maji ya Mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam huanzia milima ya Uluguru, na Mto Morogoro hushuka kutoka huko huko hadi mjini Morogoro. Klabu ya sanaa ya sekondari ikitafuta kazi ya kujitolea, ianze na ukuta unaofundisha kulinda vyanzo hivyo. Uchache si kikwazo: programu ya vijana ya mazingira Roots & Shoots ilianza Dar es Salaam mwaka 1991 kwa wanafunzi 12 waliokutana na mtafiti wa sokwe Jane Goodall.

Chagueni ujumbe mmoja tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Zikitajwa mkutanoni, mita hizo husahaulika upesi. Basi nendeni mtoni na kamba, mzipime, kisha mchore mlichokiona: maji, ukanda wa miti, na shamba la maharage likianzia mbali.

Kamba hiyo itagusa mashamba ya watu, kwa hiyo zungumzeni nao mapema. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, kwenye milima hiyo ya Uluguru, kwa sababu wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Picha inayomsimanga mkulima nayo itachukiwa, na kwa haki. Mchoreni akipanda miti, si akishika panga.

Ombeni ruhusa kwa maandishi kutoka kwa mkuu wa shule, mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na mwenye ukuta. Halafu mpelekeeni bibi asiyejua kusoma mchoro wa penseli, mmuulize anaona nini, bila kumdokeza. Akikosea, kosa ni la mchoro.

Rangi ipakwe baada ya masika, kuanzia Juni, ukuta ukiwa mkavu. Osheni vumbi, pigeni msasa, pakeni rangi nyeupe ya msingi. Gawanyeni mchoro na ukuta katika idadi sawa ya miraba, mkikuza mraba kwa mraba. Rangi ya maji inafaa plasta. Ya mafuta, bati na mbao. Brashi msizioshee mtoni kamwe.

Rangi itakayobaki mwachieni mwenyekiti, na muandike kwenye daftari la klabu nani atakayeukagua ukuta kila masika yakiisha.