Kuziba matundu ya mbao

Benchi moja ya darasa ilikuwa na matundu ya misumari ya zamani, tena mguu wake mmoja ulikuwa na ufa. Paulo, mwanafunzi wa seremala, aliambiwa aitengeneze.

Kwanza alisafisha matundu, akatoa vumbi lote. Akatwaa unga laini wa mti uleule, mvule, akauchanganya na gundi hata ukawa mzito kama ugali. Akaushindilia katika matundu kwa kisu, akaacha uzidi kidogo juu, maana ukikauka hupungua. Tundu lenye kina alilijaza mara mbili: la kwanza likakauka, ndipo akatia la pili. Kesho yake akasugua kwa msasa, akifuata nyuzi za mti. Mwisho akapaka verni.

Ufa wa mguu aliuziba vilevile. Benchi ikapendeza kama mpya.

Seremala akaja, akaitazama. Akaikandamiza kwa goti. Kwaa! Mguu ukavunjika palepale penye ufa.

«Mwanangu, akasema, unga na gundi huziba tundu dogo, lakini havibebi mzigo. Macho yangu umeyadanganya, uzito haudanganyiki. Kesho watoto wanne wangekaa hapa.»

Paulo akainamisha kichwa. «Ndiyo, fundi.» Akatafuta kipande cha mvule, akachonga mguu mpya.

Maulizo
1. Kwa nini Paulo aliacha unga uzidi juu ya tundu?
2. Tundu lenye kina hujazwa namna gani?
3. Kwa nini mguu ulivunjika?