Jinsi ya Kujichunguza kwa Methali za Kilatini

Kati ya methali za Kilatini kuhusu tabia ya mtu, sidhani kama ipo inayosifiwa sana na kutendwa kidogo kama *nosce te ipsum*, yaani jitambue. Warumi waliipokea kutoka kwa Wagiriki, walioiandika kwenye hekalu la Apollo kule Delphi. Ni amri ya maneno matatu, na haikuambii uanzie wapi. Ukikaa chini ukajiuliza "mimi ni nani?" utajijibu kwa sifa unazozipenda. Anza na ulichokitenda leo.

Mwalimu wa kazi hii ni Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyefariki mwaka 65. Katika kitabu chake kuhusu hasira anaeleza desturi aliyojifunza kwa mwanafalsafa Sextius. Taa ikishaondolewa, na mkewe, aliyekwisha kumzoea, akinyamaza, Seneca aliipitia siku yake nzima bila kujificha lolote. Tazama mifano anayoitoa: alibishana kwa ukali mno, alimkanya mtu kwa maneno mazito hadi akamuudhi badala ya kumrekebisha. Haishii kujiita mkali. Anataja tendo na mtu aliyeumizwa nalo, na kosa lililotajwa hivyo linaweza kurekebishwa kesho yake.

Fanya hivyo usiku huu. Weka simu mbali, pitia siku tangu asubuhi, kisha chagua tukio moja tu. Ulikuwa na nani? Ulitamka maneno gani? Ukikutana naye kesho utamwambia nini? Ukijikuta unaeleza kwa nini haki ilikuwa upande wako, rudi kwenye maneno uliyoyatamka. Seneca alijisamehe pia, kwa sharti asirudie. Usiiruke hatua hiyo, maana anayejichapa kila usiku hulichoka zoezi upesi na kuliacha.

Hata hivyo, kujichunguza peke yako hakutoshi. Methali ya pili ni *nemo iudex in causa sua*: mtu asiwe hakimu wa kesi yake mwenyewe. Mawakili wa Kenya na Tanzania wanaifahamu kanuni hii vizuri, kwani hakimu mwenye maslahi katika shauri anapaswa kujitoa. Nawe una maslahi katika kila shauri linalokuhusu. Phaedrus, mtunzi wa hekaya aliyekuwa mtumwa kabla ya kuachwa huru na Kaisari Augustus, alisimulia kwamba mungu Jupiter alimtwika kila binadamu mifuko miwili: wenye makosa yake mgongoni, wenye makosa ya wenzake kifuani. Sisi tunasema nyani haoni kundule.

Basi mtafute mtu anayeuona mgongo wako: mwenza wako, dada yako, mfanyakazi mwenzako wa muda mrefu. Usimuulize "unanionaje?", maana adabu itamfunga mdomo. Muulize jambo dogo la hakika: "Jana kwenye kikao nilimkatiza nani?" Akijibu, sema asante, unyamaze. Ukijitetea hapo, mara nyingine atakuambia hakuona kitu. Walio chini yako kazini au nyumbani ni vigumu kukuambia ukweli, nao wana sababu. Kwao tumia macho: je, mazungumzo hukatika ukiingia?

Methali ya tatu ni *esse quam videri*, kuwa mwema badala ya kuonekana mwema. Mwanahistoria Sallustius alimsifu mwanasiasa wa Roma Cato kwa tabia hiyo, na jimbo la North Carolina nchini Marekani liliifanya kaulimbiu yake mwaka 1893. Zoezi lake ni hili: kila wiki tenda jema moja ambalo hakuna atakayejua kuwa ni lako. Lipa deni la jirani dukani na umwombe mwenye duka asikutaje kamwe. Usiliweke kwenye statasi, usimsimulie hata mwenza wako. Kisha chunguza ni lini ulitamani kulitaja, na mbele ya nani. Huyo unayetaka akusifu ndiye wa kumfikiria usiku unapoipitia siku yako.

Usizianze methali zote tatu pamoja. Mwenye ulimi mkali aanze na Seneca. Anayependa kusifiwa aanze na jema la siri. Asiyekubali kukosolewa aanze na swali kwa mwenzake. Kaa na moja mwezi mzima kabla ya kugusa nyingine.