Rangi za Mawingu ya Nyota: Je, Picha Yasema Uwongo?

Usiku mmoja usio na mwezi, wakatekumeni wa kijiji waliketi uani pamoja na mwalimu wao. Jua lilipokuwa halijashuka bado, mwalimu alikuwa amewaonyesha picha ya wingu la angani, jekundu kama makaa ya moto. Akawaambia kwamba wingu lile laonekana kwa macho katika kundi la nyota liitwalo Orioni. Basi mzee mmoja akatazama juu, akatafuta, akaona doa dogo jeupe tu. Akasema: “Mwalimu, wekundu siuoni hata kidogo. Picha yako yasema uwongo.”

Mwalimu akajibu: “Baba, macho yako yameona sawa. Lakini picha nayo haikusema uwongo. Tuchunguze kwanza, ndipo tuamue.”

1. Wingu hilo ni kitu gani?

Wataalamu huliita nebula, neno la Kilatini lenye maana ya ukungu. Si wingu la mvua. Ni hewa nyepesi mno pamoja na vumbi, vilivyotandaa kati ya nyota na nyota.

Atakaye kuliona, na atazame juu jioni za mwezi wa Januari au Februari, mahali pasipo taa. Katika nchi ya Kongo Orioni hupita juu sana, karibu na utosi. Kwanza atafute nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, ndizo ziitwazo mshipi. Karibu nazo mna nyota nyingine hafifu, zilizofuatana kama upanga unaoning’inia kwenye mshipi. Ile ya katikati imefifia, kama taa iliyo ndani ya moshi. Hiyo ndiyo nebula ya Orioni. Mfaransa Nicolas-Claude Fabri de Peiresc aliitazama kwa darubini mwaka 1610. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Hata hivyo ile itokayo huko husafiri miaka ipatayo 1,300 mpaka kufika duniani.

2. Sababu gani jicho halioni rangi?

Mwalimu aliingia nyumbani, akaleta vitambaa viwili, kimoja chekundu na kimoja cha kijani. Akampa mzee gizani, akamwuliza: “Baba, chekundu ni kipi?” Mzee akavigeuza-geuza, asiweze kutambua. Kimoja kilikuwa cheusi, kingine cha kijivu. Taa ilipoletwa, rangi zikaonekana mara moja.

Je, vitambaa vilibadilika? Hapana. Ndani ya jicho mna chembe za aina mbili. Zile zitambuazo rangi huhitaji nuru nyingi. Nyingine hufanya kazi hata katika nuru haba, lakini haziwezi kupambanua rangi. Nuru ya nebula ifikayo machoni ni haba sana, kwa hiyo mtu huiona nyeupe au kijivu. Watazamao kwa darubini kubwa huweza kuona kijani hafifu, wala si wekundu ule wa picha.

3. Picha huupataje wekundu?

Tone moja la mvua halikati kiu. Lakini mtungi ukiachwa chini ya paa usiku kucha, asubuhi hukutwa umejaa. Jicho haliweki akiba ya nuru. Lakini chombo cha kupigia picha huikusanya tone kwa tone. Mmarekani Henry Draper alipoipiga picha nebula ya Orioni kwa mara ya kwanza, mwezi wa Septemba 1880, alikiacha chombo chake wazi karibu saa nzima.

4. Rangi zenyewe hutoka wapi?

Katikati ya nebula ya Orioni mna nyota changa zenye moto mwingi. Nuru yao huifanya hewa iliyo kando yao ing’ae yenyewe. Hidrojeni hutoa wekundu. Oksijeni hutoa kijani. Kijani hicho kiliwasumbua wataalamu miaka mingi, wakadhani kimetoka katika kitu kisichopatikana duniani. Mwaka 1927 Mmarekani Ira Bowen akaonyesha kwamba ni oksijeni tu.

Vumbi lina desturi nyingine. Penye nyota za Kilimia, zijulikanazo na wakulima, mna vumbi lisilong’aa lenyewe. Hurudisha nuru ya nyota zile, nalo katika picha huonekana la samawati, kama moshi wa jiko mbele ya miti yenye kivuli. Tena liko vumbi zito lizuialo nuru ya nyuma yake. Hilo huonekana kama shimo jeusi, kama lile liitwalo Fuko la Makaa, karibu na Msalaba wa Kusini.

5. Je, rangi zote za picha ni za kweli?

La, si zote. Darubini nyingine, kama ile ya James Webb iliyorushwa angani mwaka 2021, hupokea nuru isiyoonekana kabisa na jicho la mtu. Wataalamu huitafsiri nuru hiyo kwa rangi tuzijuazo, ili ionekane. Mwenye kuonyesha picha ya namna hiyo yampasa kusema wazi kwamba rangi zake zimewekwa na watu.

Mwisho mzee akavirudisha vitambaa, akasema: “Mwalimu, nilidhani lazima mmoja wetu awe mwongo, picha au macho yangu. Kumbe sote wawili tumeshuhudia kweli, kila mmoja kwa kadiri ya nguvu zake.” Akarudi kulitazama lile doa jeupe, wala hakuondoka upesi.

Maulizo

1. Neno nebula lina maana gani?
2. Kwa nini kitambaa chekundu huonekana cheusi gizani?
3. Chombo cha kupigia picha chafananaje na mtungi uliowekwa chini ya paa?
4. Wekundu wa nebula ya Orioni hutoka katika hewa gani?