Mchicha au Matembele: Tupande Nini Maji Yakiwa Haba?

Mvua zinapokwisha bustani nyingi za nyumbani hukauka, na mboga inabaki kuwa ile ya kununua sokoni. Fungu la mchicha lililokuwa kubwa wakati wa masika huwa dogo, bei hupanda, na familia nyingi hurudi kwenye ugali na maharage, au ugali na dagaa, juma zima bila jani la kijani. Mwezi huu tunapenda tuzungumzie mboga mbili zinazojulikana karibu kila nyumba, mchicha na matembele. Tutazitazama kwa jicho la mama au baba mwenye ndoo chache tu za maji.

Kwa nini tuhangaike na majani? Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba watoto 58 katika kila 100 wa umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu, na wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa nao pia. Malaria na minyoo vina sehemu yao kubwa katika jambo hili, lakini chakula nacho kina sehemu yake. Hali kadhalika vitamini A, inayolinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na maradhi. Watoto wadogo hupewa matone yake mara mbili kwa mwaka, lakini kaka na dada zao wakubwa huitegemea sahani.

Mchicha: una haraka, lakini una kiu

Mchicha hupenda jua kali na joto. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzisia, la sivyo zitaanguka zote mahali pamoja. Miche iliyosongamana huoza shingoni na kulala chini, hasa udongo ukiwa na maji mengi. Mbegu huota baada ya siku chache tu, na katika majuma matatu hadi manne unaweza kung'oa mboga ya kwanza. Hakuna mboga nyingi zinazoweza kushindana nao kwa mbio hizo.

Haraka hiyo ina gharama yake. Mchicha unataka udongo wenye rutuba: ndoo ya lita 10 ya samadi iliyooza vizuri kwa kila mita moja ya mraba si nyingi. Samadi mbichi huunguza miche na inaweza kuleta vijidudu vya maradhi kwenye majani. Kisha kuna maji. Wakati wa kiangazi tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 linahitaji kiasi cha lita 20 kila siku, yaani debe zima. Kwa mama anayechota maji kisimani mbali, debe hilo ni safari nzima. Ukiukosesha maji, mchicha hukimbilia kutoa maua, majani yakawa madogo na magumu.

Usipende kung'oa kila mara. Kata shina ukiacha kiasi cha sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, nao utachipua tena pembeni. Tuta moja linaweza kukatwa mara kadhaa kabla ya kuchoka.

Matembele: yanachelewa, lakini yanavumilia

Matembele ni majani ya viazi vitamu. Hapa tunaomba msomaji awe makini: majani ya viazi mviringo, vile vya chipsi, HAYALIWI, kwa kuwa yana sumu. Mimea hii miwili si ndugu wa karibu, ingawa tumeipa jina moja la kiazi.

Matembele hayahitaji mbegu. Chukua marando, yaani mashina yanayotambaa, yenye urefu wa rula ya shule (sentimita 30), kutoka kwenye mmea wenye afya. Majani yaliyojikunja na kudumaa ni dalili ya ugonjwa wa virusi, na ukipanda rando la mmea huo umepanda na ugonjwa wake. Ondoa majani ya chini, fukia vifundo vitatu au vinne, na acha sentimita 30 kati ya rando na rando. Mwagilia kila siku mpaka yashike. Kuchuma huanza baada ya majuma matano au sita hivi.

Yakisha kushika, mambo hubadilika. Lile debe moja ambalo mchicha hulitaka kila siku, matembele ya eneo kama hilo yakipata mara mbili kwa juma yataendelea kuishi na kuchipua, ingawa polepole. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanafaa kabisa. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi yasimwagwe hapo hapo kila siku, maana huharibu udongo. Majani yakitandaa huufunika udongo, unyevu haupotei upesi na magugu hukosa nafasi.

Kuna watu wanaotaka majani na viazi kwa shina lile lile. Inawezekana kidogo tu, kwa sababu jani ndilo linalotengeneza chakula cha kiazi, na ukichuma sana mizizi hubaki kama vidole. Tunashauri kutenga mstari wa mboga peke yake na tuta la viazi peke yake.

Ipi ina nguvu zaidi?

Wengine huyaita matembele mboga ya shida. Si haki. Kwa vitamini A, mboga hizi mbili zinakaribiana, tena majani ya viazi vyeupe yanayo kama ya viazi vya rangi ya chungwa. Mchicha unashinda kwa madini ya chuma na kwa vitamini C, na una kalsiamu nyingi: kiasi cha miligramu 215 katika gramu 100 za majani mabichi, matembele yakiwa na 78 hivi. Hata hivyo, mchicha una asidi ya oksaliki, ambayo huishika sehemu ya kalsiamu hiyo isiingie mwilini.

Madini ya chuma ya kwenye majani, yawe ya mchicha au ya matembele, mwili huyachukua kwa shida. Kamulia ndimu, ongeza nyanya, au pika pamoja na dagaa, ndipo mwili utakapoyapata vizuri zaidi. Chai inywewe saa moja au mbili baada ya chakula, kwa maana huyazuia. Vitamini A nayo huhitaji mafuta kidogo, karanga au tui la nazi. Mama mjamzito asiache vidonge vyake vya kliniki kwa kuwa anakula mboga. Avitumie vyote pamoja.

Katika kupika, osha majani kabla ya kukata, funika sufuria, na dakika 5 hadi 10 zinatosha. Wapo wanaoanika matembele juani mpaka yanyauke ili yasiwe na utelezi. Yanakuwa matamu, tunakiri, lakini jua hula vitamini. Kama ni lazima, yanyaushe kivulini.

Mwenye historia ya mawe kwenye figo asile mchicha mwingi kila siku, na akila auchemshe na kumwaga maji yake. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande, amwulize daktari wake kiasi cha majani anachoruhusiwa, na asikibadilishe ghafla.

Kwa wasomaji wa mjini: usimwagilie mboga kwa maji ya mfereji wa taka au ya viwandani. Madini mazito kama risasi yakishaingia ndani ya jani hayatoki kwa kuoshwa.

Basi tupande nini?

Kama una ndoo mbili tu kwa siku, tunasema panda matembele kwanza. Mstari wa mita 5 karibu na mahali pa kuoshea vyombo utakupa mboga kiangazi chote. Mchicha upande mvua zikianza, wakati maji ni ya bure, tena kidogo kidogo kila baada ya majuma mawili, usije ukakomaa wote siku moja ukaishia kwa mbuzi.

Marando yapandwe majuma matatu kabla mvua hazijakatika, ili mizizi ishuke udongo ungali laini. Ukikosa pa kuyapata, jirani mwenye shamba la viazi hatakunyima, kwani wakati wa kuvuna huyatupa. Katika mchicha acha miche miwili au mitatu iliyonawiri ikomae, kata vichwa vyake vikikauka, pukuta juu ya kitambaa, na uzifunge mbegu katika karatasi mahali pakavu mpaka msimu ujao.