Kasi ya Pumzi: Kifaa Kidogo Kinapima Nini?

Lugoba, kando ya barabara itokayo Chalinze kwenda Segera, inajulikana kwa machimbo yake ya kokoto. Mfanyakazi wa machimbo anapofika kituo cha afya akilalamika kubanwa na kifua, kuna swali la kujibiwa mapema: je, kubanwa huko huja na kuondoka, kama ilivyo kwa pumu? Kifaa cha mkononi kinachopima kasi ya juu kabisa ya hewa itokayo mapafuni husaidia kulijibu.

Wright na McKerrow walikieleza kifaa cha aina hiyo huko Uingereza mwaka 1959. Chao kilikuwa kikubwa. Hiki cha plastiki ni mjukuu wake. Pumzi husukuma kisahani kilichozuiwa na springi. Kadiri kisahani kinavyosogea, mwanya wa pembeni huongezeka na hewa hupata pa kutokea, hata nguvu ya pumzi na ya springi zilingane. Mshale hubaki pale kisahani kilipofika. Ukisoma 480, hizo ni lita 480 kwa dakika, yaani 8 kwa sekunde. Hakuna awezaye kudumisha kasi hiyo; kilele chake ni cha kufumba na kufumbua. Ndiyo maana mgonjwa apulize kwa ghafla na kwa nguvu zote, si kwa muda mrefu.

Baadhi ya vifaa vya elektroniki vina pangaboi dogo ambalo mizunguko yake huhesabiwa kwa mwanga. Pumzi dhaifu hushindwa kulizungusha sawasawa. Vingine hupitisha mawimbi ya sauti yasiyosikika: yanayofuata hewa huwahi, yanayokabiliana nayo huchelewa, na tofauti hiyo ndiyo kasi. Kwa kuwa njia hutofautiana, namba nazo huweza kutofautiana. Mgonjwa atumie kifaa kilekile siku zote.

Asimame, arudishe mshale chini, avute pumzi hadi mwisho, abane midomo vizuri na kupuliza mara tatu. Huandikwa namba kubwa kuliko zote, wala si wastani. Afanye hivyo asubuhi na jioni kwa wiki mbili, siku za mapumziko zikiwemo. Namba zikishuka siku za kazi na kupanda akipumzika, pumu itokanayo na kazi ishukiwe.

Hata hivyo, namba nzuri haimsafishi mtu aliyevuta vumbi la mawe. Silikosisi hukakamaza mapafu, na kasi ya kilele yaweza kubaki karibu na kawaida. Tena huongeza hatari ya kifua kikuu. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au anayekonda apimwe makohozi na kupigwa picha ya kifua, hata kama mshale umepanda juu.