FAHAMU BAJETI YA KAUNTI: Kwa nini mradi uliopitishwa Juni hukosa pesa Januari

Mkulima wa nyanya wa Njukini ana haki ya kuuliza. Mradi wa maji ulitajwa kwenye kikao cha kukusanya maoni, ukapitishwa na Bunge la Kaunti kule Wundanyi, kisha mwaka ukaisha bila hata bomba moja kushushwa. Je, pesa zimeliwa? Swali hilo wakati mwingine ni la wakaguzi. Mara nyingine pesa zenyewe huwa hazikufika, au zimefika zikiwa pungufu. Mwaka wa fedha wa 2024/25 unaonyesha vizuri jinsi hali hiyo hutokea.

Bajeti ni makadirio, si pesa taslimu. Bunge la Kaunti linapoipitisha kabla ya Julai 1, huwa linatoa ruhusa ya kutumia kiasi fulani iwapo kitapatikana. Kwa Taita Taveta, sehemu kubwa ya kiasi hicho hutoka Nairobi kama mgao wa kaunti. Mapato ya ndani, kama vile ada za masoko, leseni za biashara, maegesho na kodi ya ardhi, ni kidogo yakilinganishwa na mgao huo. Sababu mojawapo inajulikana na kila anayeishi hapa: takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti imo ndani ya mbuga za Tsavo, na ada za kuingia mbugani hukusanywa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kwa hiyo Hazina ya Kitaifa ikipiga chafya, Mwatate inashikwa na mafua.

Mnamo Juni 2024 haikuwa chafya tu. Serikali ya kitaifa, iliyokuwa imelemewa na madeni, ilitarajia kukusanya takriban shilingi bilioni 346 zaidi kupitia Mswada wa Fedha wa 2024. Vijana waliandamana kuupinga, na Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni, Rais alitangaza kwamba hatautia saini. Mwananchi alipumua. Hata hivyo, bajeti ya taifa ilikuwa imepangwa kwa kutegemea pesa hizo.

Kaunti zote 47 zilikuwa zimetengewa bilioni 400.1 kisheria. Sasa Bunge la Kitaifa likataka kiasi hicho kishuke hadi bilioni 380, Seneti ikashikilia bilioni 400.1, na mvutano ukapelekwa kwa kamati ya upatanisho. Muafaka uliopatikana ni bilioni 387.4, na mabadiliko hayo yakawa sheria Desemba 2024. Tazama kalenda: nusu ya mwaka wa fedha ilikuwa karibu kuisha kabla kaunti hazijajua kwa uhakika zitapata kiasi gani.

Upungufu ulikuwa takriban bilioni 12.7. Kwa Taita Taveta hizo ni pesa ngapi? Chukua kipimo kimoja. Katika mwaka wa 2021/22, kaunti zote ziligawiwa bilioni 370, na Taita Taveta ikapata takriban bilioni 4.8. Hiyo ni kama shilingi moja na senti thelathini katika kila shilingi mia moja. Ukipiga hesabu kwa kipimo hicho, bilioni 12.7 zinapopunguzwa, kaunti hii inakosa karibu milioni 165. Haya ni makadirio ya kufundishia tu, kwa kuwa mgao hufuata fomula yenye vigezo vingi, lakini yanaonyesha ukubwa wa pengo.

Pengo hilo huangukia wapi? Hapa ndipo penye uchungu. Mishahara ya wauguzi na walimu wa chekechea haisubiri. Dawa na mafuta ya ambulensi haviwezi kusubiri mwezi wa pili. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo kwa kipindi cha miaka kadhaa, na kanuni zake zinaweka kikomo cha mishahara kuwa asilimia 35 ya mapato. Lakini pesa zikipungua katikati ya mwaka, huwezi kumpunguzia muuguzi mshahara. Unachoweza kuahirisha ni mfereji, darasa au choo cha soko ambacho hakijaanza kujengwa.

Tuseme wadi ilitengewa milioni 10 za mfereji wa kunyunyizia mashamba. Zabuni ikitangazwa mapema na kazi ikaanza, kisha pesa zisije, mwanakandarasi anabaki akidai. Deni hilo huingia katika bajeti ya mwaka unaofuata, na kula nafasi ya mradi mpya wa jirani. Zabuni ikisubiri, mwananchi anaona kimya tu. Njia zote mbili zina gharama, na ofisi za umma zingefanya vyema kulisema hilo mapema barazani, kabla ya watu kuanza kubahatisha.

Kubadilisha bajeti nako kuna taratibu. Kaunti huandaa bajeti ya ziada, ambayo lazima ipitishwe na Bunge la Kaunti. Pesa haziwezi kutoka kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, hata kama zimeshaingia. Aidha, mradi ukiondolewa, uamuzi huo unapaswa kuonekana kwenye bajeti hiyo ya ziada.

Kwa mkazi wa Njukini, ambaye safari ya Mwatate au Wundanyi humla siku nzima, tarehe chache zinafaa kuandikwa ukutani. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa Bungeni kufikia Septemba 1. Taarifa ya mikakati ya fedha, inayoweka viwango vya juu vya matumizi kwa kila idara, hufika kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe hufika kufikia Aprili 30. Wengi hujitokeza Aprili kuomba mradi, wakati ukubwa wa sahani ulishaamuliwa Februari. Anayetaka mfereji wa Chala uwe juu ya orodha hata pesa zikipungua aulize mwezi huo, na amuulize pia mwakilishi wadi: mradi huu umepangwa wa ngapi, na mwaka jana umebakiza deni la nani?